Umefika La Scala, au umepita mlangoni?

Kijana alitoa simu mfukoni, ikazunguka barazani mkono kwa mkono. Picha moja tu: jumba la rangi ya samli, ghorofa chache, matao matatu mbele, na reli ya tramu ikipita karibu.

"Ami, hii ndiyo La Scala yenyewe?" akamuuliza mzee aliyekaa kando yake. "Mbona kama ofisi ya DC?"

Ilikuwa baada ya alasiri, upande wa Shela hapa Malindi, na kahawa ilikuwa imeshazunguka mara ya pili. Kijana huyu Kiitaliano anakijua kama wengi wa rika lake mjini humu: hakukisoma darasani, alikiokota ufukweni. Sasa amealikwa Milano, wiki mbili, mwezi wa Desemba. Katika orodha ya mambo anayotaka kuyaona, jumba hili la opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, ni la tatu.

"Nikiingia mchana," akasema, "nikaangalia ndani, nikapiga picha, nitakuwa nimefika La Scala?"

Mzee hakuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Umeingia ndani, umefika."

Kila mtu aliridhika na jibu lile. Mimi halijaniacha tangu siku hiyo, na hii ni wiki ya tano.

Uso wa kawaida

Tuanze na ofisi ya DC, maana kijana aliona vizuri. Mbunifu Giuseppe Piermarini alipolijenga jumba hili, mbele yake palikuwa na njia nyembamba. Hakuna ambaye angeweza kusimama mbali akalitazama lote kwa mara moja, basi hapakuwa na haja ya kuurembesha uso wake kupita kiasi. Jumba lilifunguliwa tarehe 3 Agosti 1778. Uwanja ulio mbele yake leo, wenye sanamu ya Leonardo da Vinci, ulipatikana mwaka 1858, miaka 80 baadaye, baada ya nyumba zilizokuwapo kubomolewa.

Aliyekulia kwenye nyumba za mawe za Lamu haoni ajabu hapo. Nje ukuta mkavu, mlango wa kuchonga na daka la kukalia. Nakshi za chokaa na zidaka ziko ndani, kwa wenyewe.

Na jina lisikupoteze. Sisi tuliozoea Kiitaliano cha hoteli tunajua *scala* ni ngazi, na wengi hudhani jumba limeitwa hivyo kwa sababu ya ngazi fulani ya kifahari. Siyo. Limejengwa mahali palipokuwa na kanisa la Santa Maria alla Scala, na kanisa hilo lilichukua jina la ukoo wa Della Scala, alikotoka mke wa Bernabò Visconti, mtawala wa Milano. Ngazi zimo, na nitazifikia, lakini si zile za kwenye picha.

Mtaa wa vijumba

Ukumbi uliotangulia, Teatro Ducale, uliteketea Februari 1776 katika msimu wa kanivali. Familia tajiri zilizokuwa na vijumba vyao mle ndizo zilizogharimia jumba jipya, na zikapata vijumba vipya. Kijumba kimoja huitwa *palco*. Vikiwa vingi, *palchi*. Kilikuwa mali kama shamba: kiliuzwa, kilirithiwa, na mwenyewe alikipamba ndani apendavyo. Alipotaka alivuta pazia akala chakula chake. Sebuleni watu walicheza kamari. Taa za ukumbini hazikuzimwa, kwa sababu nusu ya shughuli ilikuwa kujua nani kaja na nani.

Umbo la ukumbi linasema hayo wazi. Ni kwato ya farasi: ghorofa nne za vijumba, na juu yake ghorofa mbili zisizo na vijumba. Vijumba vya pembeni hutazamana vyenyewe kwa vyenyewe kuliko vinavyotazama jukwaa. Fikiria mtaa mzima wa nyumba zenye madirisha yanayoelekea ua mmoja, na kule mwisho wa ua mtu anaimba.

Hapa ndipo nilipoanza kusita.

Kama jumba lilijengwa ili watu watazamane, basi mgeni wa mchana anayesimama ndani ya palco na kutazama dhahabu, mahameli nyekundu na ile thurea kubwa, anafanya lile lile walilolifanya wenyewe wa kwanza. Huenda mzee hakukosea. Huenda kutazama ndiyo shughuli ya asili ya jumba hili, na muziki ulikuwa wa kusindikizia, kama ngoma ya harusi inayopigwa huku watu wakiulizana habari za mahari.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi, na bado naona lina nguvu.

Kilichonitoa hapo ni Arturo Toscanini, mwongoza okestra. Aliposhika uongozi wa muziki wa La Scala mwaka 1898 alizima taa za ukumbini wakati wa onyesho. Aliwataka wanawake wavue kofia zao pana zilizowaziba walio nyuma. Alikataza wimbo kurudiwa katikati ya opera kwa sababu tu watu wameushangilia. Wenye vijumba walinung'unika. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hata ule umiliki wa vijumba ukaondolewa, na jumba likawa chini ya taasisi ya umma.

Kuta hazikuguswa. Kazi ya kuta ndiyo iliyobadilika.

Ziara ya mchana

Kwa atakayekwenda mchana, haya ndiyo atakayoyapata. Shuka kituo cha metro cha Duomo, pita ndani ya Galleria Vittorio Emanuele II hadi upande wa pili. Unatokea uwanjani, na jumba liko mbele yako. Mlango wa makumbusho ni tofauti na wa ukumbi, uko upande wa kushoto ukilitazama jumba. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1913. Ndani mna ala za zamani, picha za kuchorwa za waimbaji, na vitu vinavyomhusu mtunzi wa opera Giuseppe Verdi.

Tiketi ya makumbusho hukuruhusu pia kuchungulia ukumbi kutoka kwenye vijumba. Hapo ndipo wengi huumia. Ukumbi unafanya kazi: mchana kuna mazoezi, mafundi wanafunga mandhari ya jukwaani, taa zinapimwa. Siku hiyo vijumba hufungwa, au unaruhusiwa kutazama giza lenye taa chache za mafundi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza pale pale dirishani: *Si può vedere la sala oggi?*, yaani, leo ukumbi unaweza kuonekana? Ukiambiwa hapana, rudi siku nyingine.

Ukibahatika, unapewa dakika chache. Usizimalize kwenye simu. Tazama kina cha kijumba, uone jinsi kuta zake za kando zinavyokata jukwaa. Kaa kwenye kiti cha nyuma, kisha cha mbele. Utajua mwenyewe kwa nini tiketi mbili za kijumba kimoja hazina thamani moja.

Udi ukutani

Sasa nifike kwenye lile hasa linalonifanya niseme jibu la barazani lilikuwa nusu.

Ukumbi wa opera ni ala. Una mwili wa mbao na plasta, na hewa ndani yake, kama udi wa nyuzi. Waimbaji wa opera hawatumii maikrofoni. Mtu mmoja anasimama mbele ya okestra yenye makumi ya wapigaji, na sauti yake inatakiwa iwafikie watu wapatao 2,000 kwa koo tupu. Hilo huwezekana kwa sababu mbili, moja iko kooni na nyingine iko ukutani.

Ya kooni ni hii. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mawimbi ya karibu hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa hujifunza kuikusanya sauti yake ili ipate nguvu ya ziada karibu hezi 3,000, mahali ambapo okestra imeshapungua na sikio la binadamu ni jepesi. Hashindani na okestra kwa ukubwa wa sauti. Anapita pale ambapo okestra haipo.

Ya ukutani inataka kipimo. Ukipiga kofi moja katika ukumbi uliojaa watu, sauti huendelea kuzunguka kabla haijafa. Katika La Scala muda huo ni kama sekunde 1.2. Katika ukumbi wa Musikverein wa Vienna, uliojengwa kwa ajili ya okestra, ni kama sekunde 2. Sekunde mbili ni tamu kwa fidla, lakini maneno hugongana: silabi ya kwanza haijafa, ya pili imeshafika. Opera ni maneno. Vijumba vile vyote, pamoja na mapazia na watu waliomo, vinaimeza sauti kiasi ambacho neno linabaki neno.

Ndiyo maana ukarabati wa mwaka 2002 hadi 2004 ulishughulika sana na sakafu. Mazulia yaliondolewa, mbao zikarudi, kwa sababu zulia hunyonya sauti ile ile ambayo mbao huirudisha. Jumba lilifunguliwa tena tarehe 7 Desemba 2004 kwa opera ya Antonio Salieri, ile ile iliyolifungua mwaka 1778.

Zamani mbao hizo zilikuwa pia hatari. Kumbi za namna hii huungua. San Carlo ya Napoli iliungua mwaka 1816, La Fenice ya Venezia mwaka 1836 na tena mwaka 1996. La Scala yenyewe iliangushwa kwa mabomu Agosti 1943, paa likaporomoka. Italia ilikuwa imevunjika, watu hawana mkate wa kutosha, na bado tarehe 11 Mei 1946 jumba lilikuwa limesimama tena, na Toscanini, aliyekuwa Marekani kwa kuwakataa mafashisti, amerudi kuongoza tamasha la ufunguzi. Watu hawajengi upya kitu kwa haraka namna hiyo ili kikae kitazamwe.

Kwetu pwani tunamjua mwenye udi. Ukiingia nyumbani kwake ukauona umetundikwa, ukausifia mbao zake na nakshi ya tundu lake, hujasikia kitu. Utasema umeuona udi wake, na utakuwa umesema kweli. Hutasema umeusikia.

Juu kabisa

Ghorofa mbili za juu, zisizo na vijumba, zinaitwa *loggione*. Huko walipanda wale ambao hawakuwa na palco wala ukoo wa kuwapa, kwa mlango wao na ngazi zao za pembeni. Viti ni vyembamba, magoti yanabanwa, na joto la watu wote walio chini linapanda huko.

Huko ndiko ninakomshauri kijana aende, na si kwa sababu ya bei peke yake.

Mbele ya loggione pako wazi. Hakuna kuta za kijumba wala mapazia ya kuinyonya sauti kabla haijakufikia, na dari iko karibu, inairudisha chini kwako. Kinyume chake, kiti cha nyuma ndani ya palco kiko kama ndani ya kabati la nguo: unaona bega la aliye mbele yako, na muziki unakufikia kama kutoka chumba cha pili. Palchi zilizo karibu kabisa na jukwaa zina tatizo jingine. Uko juu ya okestra, na tarumbeta na ngoma zinamfunika mwimbaji.

Ukifungua ramani ya viti, soma hivi. *Platea* ni sakafu ya chini, ghali, na unaona vizuri. *Palchi*: chukua kiti cha mbele tu, na kijumba kilicho karibu na katikati ya kwato. *Galleria* ndiyo loggione. Ya kwanza ni bora kuliko ya pili, na safu ya mbele katikati ndiyo ya kuwania. Pembeni utaona nusu ya jukwaa, na walio safu ya nyuma husimama au huegemea ili waone. Palipoandikwa kwamba kiti kinaona kidogo, amini maandishi. Kwa opera nusu ya jukwaa inavumilika. Kwa baleti usikubali, maana miguu ndiyo maneno ya baleti.

Loggione ina sifa yake nyingine, na hii imenisumbua zaidi ya bei na viti. Ndiyo inayozomea. Tarehe 17 Februari 1904 mtunzi Giacomo Puccini alileta opera yake *Madama Butterfly* kwa mara ya kwanza, na ukumbi ukamzomea mpaka mwisho. Tarehe 10 Desemba 2006 mwimbaji Roberto Alagna, aliyekuwa akiimba katika opera ya *Aida*, alizomewa baada ya wimbo wake wa kwanza. Akatoka jukwaani. Mwimbaji wa akiba, Antonello Palombi, akasukumwa ndani na nguo zake za kawaida, onyesho likaendelea.

Ukatili? Nimeugeuza huku na huku. Kwetu, mwimbaji wa taarabu akipatia, mtu huinuka akaenda kumtunza, noti kwa noti, hadharani. Asipopatia, hakuna anayezomea, ila hakuna anayeinuka, na kukaa huko kwa watu ni hukumu ambayo kila mtu ukumbini anaisikia. Kuzomea kwa Milano naliona kuwa ni kutunza kulikogeuzwa ndani nje. Silipendi. Aliyepanda jukwaani kwa koo tupu anastahili kumaliza wimbo wake. Lakini Puccini aliichukua kazi yake nyumbani, akaikata na kuipanga upya, na tarehe 28 Mei mwaka ule ule, mjini Brescia, watu wale wale wa kaskazini mwa Italia wakaishangilia. Ukumbi usiozomea kamwe huwa haukusikiliza kamwe.

Wewe mgeni, usizomee wala usiwe wa kwanza kupiga makofi. Subiri walio kando yako. Ukitaka kusema neno, kumbuka lina ngeli zake: *bravo* kwa mwanamume, *brava* kwa mwanamke, *bravi* kwa wengi. Vijana wa Malindi hawakosei hapo.

Kabla ya kupanda

Msimu hufunguliwa tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa Milano. Siku hiyo achana nayo. Bei zake ni za wenye makampuni. Lakini siku chache kabla yake huwa na onyesho la vijana walio chini ya miaka 30, opera ile ile, waimbaji wale wale, kwa bei ndogo mno. Tiketi huisha upesi, kwa hiyo siku zinapoanza kuuzwa kaa tayari na kadi ya benki mkononi. Nunua kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Watu wanaokufuata uwanjani na tiketi mkononi, pita kana kwamba hujawaona. Habari za viza wasomaji wa hapa mnazijua. Neno moja tu, usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya pasipoti kurudi.

Ijue hadithi kabla hujaingia. Hakuna anayeisikiliza taarabu bila kuyajua mafumbo yake, na opera ni vivyo hivyo: waliokaa kando yako wanajua nani atakufa, wamekuja kusikia atakufaje. Mbele ya kiti kuna skrini ndogo ya tafsiri, lakini ukiitegemea utakuwa unasoma wakati wengine wanasikia. Tenga jioni mbili nyumbani, soma maneno, sikiliza rekodi moja mpaka mwisho.

Ukichelewa mlango umefungwa, na utasubiri mpaka mapumziko. Wenye kaptura au fulana zisizo na mikono hawaingii, na pesa hazirudi. Kanzu na koti juu yake ni vazi la heshima popote. Makoti mazito huachwa chini. Milano ya Desemba ni baridi ya kuumiza masikio, usiende na sweta la kipupwe cha Malindi. Darubini ndogo inasaidia. Choo kabla ya kupanda, si baada.

Na sala. Desemba jua la Milano linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na maonyesho mengi huanza saa mbili usiku, kwa hiyo magharibi na isha unaweza kuzimaliza kabla. Anayekwenda Juni ajue kwamba jua linazama baada ya saa tatu usiku, katikati ya onyesho. Msafiri anayo ruhusa yake ya kukusanya sala, apange mapema.

Wiki iliyopita nilimwandikia kijana sehemu kubwa ya haya. Alijibu usiku huo huo. Alikuwa ameshafungua ramani ya viti na kuweka alama kwenye galleria ya kwanza, upande wa kulia, karibu na katikati. Hakuuliza bei. Aliuliza avae viatu gani.

Nilimwambia viatu vya ngozi vyenye soli ya mpira. Sakafu za jumba hilo ni ala pia, na kisigino kigumu cha mtu anayetafuta kiti chake taa zikishazimwa husikika mpaka kwa mpiga fidla.